Uzi maalumu: Unataka kuanza kazi ya kulea watoto wadogo (chekechea, deikea)? Pita hapa kwanza kabla hujalipa ada ya chuo

Mama Kigodoro (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa nimekaa chini kwenye kigodoro cha watoto maana kiti changu kimevunjwa leo na mtu wa miaka mitatu, msiniulize kivipi. Niko kwenye hii kazi mwaka wa tisa sasa hapa Dar, nimepita vituo vitatu, cha kwanza kilikuwa uani kwa mtu Tabata, watoto 18 na sisi walezi wawili na choo kimoja, cha sasa kina usajili na mimi ndo msimamizi. Kila matokeo ya fomu foo yakitoka napata meseji za wadogo zangu, "dada nataka kazi ya watoto, si ndo rahisi?" nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kitu cha kwanza ambacho watu wanakosea na kinawala hela: MLEZI na MWALIMU WA AWALI ni kazi mbili. Mlezi anakaa kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, huko bosi wako wa juu ni Ustawi wa Jamii, sheria yake ni Sheria ya Mtoto ya 2009 na kanuni zake. Mwalimu wa awali yuko shuleni, darasa lile la kabla ya la kwanza, mambo ya Wizara ya Elimu, na ni ualimu kabisa, ufaulu wanaotaka uko juu zaidi. Sasa kuna mdada nilifanya naye kazi alisoma kozi ya ulezi akidhani ataajiriwa serikalini kama ticha wa awali, akaja kushtuka akiwa ameshamaliza kulipa, alilia wiki nzima. Uliza kabla.

La pili, mapokezi. Watu wanadhani kazi yetu ni kuimba na kuchora, jamani kazi yetu inaanza saa 12 na nusu asubuhi pale mlangoni mzazi anavyokukabidhi mtoto huku bodaboda inanguruma. Pale una kama dakika moja tu. Unamshika mkono (ana joto?), unamuangalia macho, unamuuliza mzazi kalala vipi, kala nini, na kama ana alama yoyote mwilini unaiandika kwenye daftari MBELE ya mzazi na anasaini. Hilo la daftari nimelijua kwa machungu. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mtoto ana kidonda cha moto pajani, kimefunikwa na kaptula, mi sikuangalia, namwona mchana wakati namwogesha, nikasema labda wanajua nyumbani. Jioni anakuja shangazi mtu, sio mama, anaona kidonda, eeh mtaa mzima ulijaa. Eti tumemuunguza mtoto wa watu. Mama alikuja kusema ukweli kesho yake kwamba ni chai ya nyumbani lakini tayari bosi alishanikata nusu mshahara na hakurudisha. Toka siku hiyo hata kovu la mbu naandika.

Nitaendelea, mwenye swali aweke.

Fundi Bomba

Yani kukaa na watoto wanacheza nako kunahitaji cheti siku hizi? Bibi yangu alilea 12 na hajawahi kuona mlango wa chuo

Mama Kigodoro

Mkuu Fundi, bibi yako namheshimu sana, shikamoo yake. Ila hakuwa na 12 wa miaka miwili wote siku moja ambao sio wake na kila mmoja mama yake ana simu yenye kamera 😂 Na bibi alikuwa na kina shangazi, dada wakubwa, jirani. Sisi kituoni tupo watatu na jiko.

binti_mbagala

Dada shikamoo. Mimi nina miaka 21, matokeo yangu division foo, nina D tano na C ya Kiswahili, nimekaa nyumbani mwaka wa pili sasa. Kuna chuo kimoja wamenambia kozi ya malezi miezi sita ada laki nane na nusu, ukimaliza wanakutafutia kazi. Mama kasema atauza cherehani yake anilipie. Niende?

Mama Kigodoro

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mwambie mama cherehani isiguswe.

Hiyo "tutakutafutia kazi" ikae pembeni, kila chuo kinasema. Uliza chuo kimesajiliwa NACTVET (lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi), na sio chuo tu, ile KOZI yenyewe imesajiliwa? Kuna vyuo vina usajili wa kozi ya utalii halafu ya malezi wanaifundisha kienyeji tu na cheti kinachapishwa steshenari ya pembeni. Namba ya usajili unaiangalia mwenyewe kwenye tovuti yao, usikubali kuonyeshwa karatasi ukutani. Kwa D zako tano mlango wa ngazi ya cheti haujafungwa, usijidharau. Ulizia pia Taasisi ya Ustawi wa Jamii, wana kampasi Kisangara kule Mwanga Kilimanjaro ambayo walezi wengi wazuri ninaowafahamu wamepitia, sauti ya mlezi aliyesoma Kisangara unaijua tu, hapigi kelele hata siku moja.

Lakini kabla ya yote hayo tafuta kituo karibu na kwenu uombe kujitolea wiki mbili. Bure. Nauli na ugali wa mchana basi. Kama baada ya wiki mbili za makamasi, na kufua mashuka yenye mikojo, na kuimba wimbo mmoja mara arobaini bado unataka, hapo sasa ndo tuzungumzie ada.

Mzee wa Ustawi

Salaam. Mimi nimestaafu, nilikuwa afisa ustawi wa jamii ngazi ya halmashauri, nichangie kidogo. Alichosema mwanzisha uzi ni sahihi. Wanaotaka kufungua kituo, maombi yanaanzia kwa afisa ustawi wa halmashauri yako, atakuja kukagua eneo, vyoo, maji, uzio, jiko, na sifa za walezi. Nimeona watu wanaanza na kupaka ukuta rangi za katuni halafu tundu la choo ni la mtu mzima, mtoto wa miaka miwili anaingia mzima mzima. Niliwahi kufunga kituo kwa hilo na nikaitwa adui wa maendeleo.

Vijana someni pia ile programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, tunaiita PJT-MMMAM, ilizinduliwa Desemba 2021, inaongelea mtoto wa miaka 0 hadi 8. Ukiitwa kwenye usaili na ukaweza kutaja yale mambo matano, yaani afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama, tayari umewapita wenzako kumi wanaosema "napenda watoto".

Fundi Bomba

Malezi yenye mwitikio ndo nini mzee wangu, tushushie Kiswahili cha Mbagala

Mzee wa Ustawi

Mtoto akikuangalia, nawe umwangalie. Akisema "gaa", umjibu. Akilia usimwambie nyamaza kabla hujajua analia nini.

Anko Jumanne

Mimi ni mwanaume na nafanya hii kazi Arusha, mwaka wa nne. Naona hakuna aliyegusia upande wetu ngoja nifunguke maana najua kuna wavulana wanasoma huu uzi kimya kimya.

Siku ya kwanza mzazi mmoja alimtoa mtoto wake, alisema hawezi kumwacha na dume. Nilitaka kuacha. Mkuu wa kituo, mama mmoja wa Kipare, akanikalisha akaniambia Jumanne sikia, hatutabishana na mzazi, tutaweka utaratibu. Sipeleki mtoto chooni peke yangu, mlango uko wazi na mwenzangu yupo, sibadilishi pempasi kwenye chumba kilichofungwa, simpakati mtoto mzazi asipokuwepo halafu nikaacha mzazi akiwepo, yani ninavyokuwa mbele ya mzazi ndivyo ninavyokuwa nyuma yake. Mwanzo niliona kama natuhumiwa. Baadae nikagundua utaratibu huohuo waliwawekea na wadada wote, na ndo unavyotakiwa, maana anayeumiza watoto hana jinsia moja. Yule mzazi alimrudisha mtoto baada ya miezi mitatu, na sasa hivi huyo mtoto hali uji mpaka nikae meza yake.

Na wekeni namba 116 ukutani, ni simu ya huduma kwa mtoto, bure. Ukiona mtoto anaogopa kuvuliwa nguo, au mtoto aliyekuwa anaongea kanyamaza ghafla, usifanye upelelezi wako wa tamthilia, usimhoji mtoto maswali hamsini, andika ulichoona na tarehe, mwambie msimamizi, piga.

binti_mbagala

Asante anko, hiyo 116 sikuijua

nesi_temeke

Nimekaa nasoma tu ila hili siwezi kulipita. Walezi wapya JIFUNZENI HUDUMA YA KWANZA YA MTOTO kabla ya nyimbo. Tunaletewa watoto waliopaliwa na karanga na wameshamwagiwa maji mdomoni au wametikiswa kichwa chini miguu juu. Usifanye hivyo.

Mtoto chini ya mwaka mmoja akikwamwa na kitu, halii, hakohoi, anabadilika rangi: mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kiuno, umeshika taya, piga kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega mara 5. Kikigoma mgeuze chali, vidole viwili katikati ya kifua bonyeza mara 5. Rudia, na mtu mwingine awe anatafuta usafiri. Tumbo la mtoto mchanga halibonyezwi. Na usichokoe koo na kidole kama hukioni kitu, unakisukuma ndani. Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Hii ukisoma tu haitoshi, tafuta mtu akufundishe kwa mikono, hata kwenye mwanasesere.

Na wachanga mnawalaza chali, sio kifudifudi, nimeona vituo wanawapanga kifudifudi eti wanalala zaidi.

Mama Kigodoro

Nesi Mungu akubariki. Sisi karanga nzima ni marufuku kituoni, tunasaga kwenye uji. Ilitutokea mwaka juzi, sio mchanga, wa miaka miwili, dada mpya kamgawia karanga za kukaanga kutoka kwenye mfuko wake kwa upendo tu. Mwenzangu mtu mzima ndo alimuwahi, makofi ya mgongoni matatu ikaruka ikagonga sufuria, nasikia ule mlio mpaka leo. Dada mpya hakurudi kesho yake. Hakufukuzwa, aliogopa mwenyewe. Na hata visoda vya kuchezea, naona watu wanasifia vifaa vya asili mtandaoni, sawa, ila kizibo kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu ni karanga ileile ya chuma.

mvita_halisi

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya mambo ni tofauti kidogo, chekechea imewekwa chini ya kaunti kwa katiba ya 2010, walimu wa PP1 na PP2 (yale madarasa mawili ya kabla ya la kwanza) wa umma mwajiri wao ni kaunti, basi mshahara wako wategemea uko kaunti gani, ukivuka tu mpaka wa kaunti mwenzio analipwa sivyo. Tumelia nalo hilo miaka.

Lakini nilotaka kusema ni kuhusu binti aulizae chuo. Mamangu alikuwa mwalimu katika zile chekechea za madrasa zilizoanzia hapa Mombasa miaka ya 1980 kwa usaidizi wa Aga Khan Foundation, Bi Swafiya Said ndiye alozianza, kisha zikaenda Zanzibar na Kampala. Walichukua wanawake wa mtaani humo humo, wengine hawakuwa na masomo marefu, wakawafunza huku wafanya kazi, mwalimu wa kuwafunza akija darasani akikaa nyuma akiangalia, baadaye wazungumza. Mamangu mpaka leo ana maboksi ya vifuu na mbegu alizofundishia hesabu. Kwa hivyo chuo ni kizuri lakini ukipata mahali penye mtu mzima wa kukuangalia ukifanya na kukukosoa, hapo pana thamani kuliko makaratasi mengi.

Nyota wa Leicester

Mi niko Uingereza, nilianza kama binti hapo juu. Huku hesabu ya watoto kwa mlezi imeandikwa kabisa, England ni mlezi mmoja kwa watoto 3 walio chini ya miaka miwili, wa miaka miwili ni mmoja kwa 5, zamani ilikuwa 4 wakabadilisha Septemba 2023 na walezi tulinung'unika sana. Lazima ukaguliwe rekodi ya jinai kabla hujaachwa na mtoto. Unaanza na cheti cha levo 2, unapanda cha levo 3, wengi tunasoma huku tunafanya kazi.

Mshahara msidanganyike, ni karibu na kima cha chini, wauza duka kubwa wananizidi. Na mgongo ni uleule. Ila nikiwaza kile kituo nilichoanzia Bongo, watu wawili watoto 25, najiuliza tulikuwa tunamwona nani pale. Tulikuwa tunahesabu vichwa tu.

Dume la Mikoani

Hamjataja mshahara wa Bongo mnazunguka zunguka tu

Mama Kigodoro

Haya. Nilianza na elfu 70 kwa mwezi, kule Tabata, chakula cha mchana juu. Kituo cha pili laki na nusu. Sasa nimesogea lakini sijengi ghorofa. Vituo vya mtaani ambavyo mzazi analipa buku mbili kwa siku, wewe piga hesabu mwenyewe, toa uji, toa kodi, toa maji, kinachobaki ndo kinagawanywa. Mwenye kituo sio kila mara ni mwizi, wakati mwingine hela kweli haipo, mama muuza mboga hawezi kulipa zaidi ya hapo na asipomleta kwetu anamfungia ndani na kaka yake wa miaka sita. Ila pia wapo wezi. Dai mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, nikiwa na mkataba ile nusu mshahara wangu isingeliwa kimya kimya.

binti_mbagala (wiki tatu baadae)

Dada Mama Kigodoro na wote, nimerudi. Nilienda vituo viwili. Cha kwanza watoto wamewekwa mbele ya tivi toka asubuhi, yule dada ananiambia ukizima wanasumbua, nikatoka. Cha pili wamenikubali kujitolea, leo siku ya tisa. Yule wa chuo nilimwomba namba ya usajili wa kozi akaanza kuniuliza kwani wewe ni mwandishi wa habari, basi nikaacha. Cherehani ipo.

Nina swali. Kuna mtoto wa miaka miwili na miezi anang'ata wenzake. Ameng'ata mara nne toka nimefika, mpaka alama ya meno. Wenzangu wanasema na yeye ang'atwe aonje, mmoja kasema tumpake pilipili mdomoni. Mi sijui.

Mama Kigodoro

Asing'atwe na pilipili irudi jikoni. Umri huo maneno bado machache, mdomo ndo unasema. Unamshughulikia kwanza aliyeumizwa, halafu unashuka usawa wa macho ya huyu aliyeng'ata unamwambia kifupi, "hapana, inauma", basi, bila hotuba.

Ila niambie, anang'ata saa ngapi? Sio "mchana". Saa ngapi, amekaa na nani, ameshika nini. Kachukue daftari urudi.

Anko Jumanne

Na wanapokuwa wamebanana mlangoni kutoka nje, angalia na hapo

binti_mbagala (siku nne baadae)

Nimeandika. Mara sita jumla sasa. Moja ni mlangoni kama alivyosema anko, alikuwa amesukumwa. Tano zote ni kati ya saa nne na saa nne na nusu, wakiwa wamekaa wanasubiri uji na uji unachelewa kuiva. Mama yake nimemuuliza asubuhi, anamleta saa 12 hajala kitu, anawahi Kariakoo.

Mama Kigodoro

Mpe kiazi saa tatu.